Kigimbi kubana usiku: soma hapa kabla hujanunua kopo la magnesiamu

FamasiaMoro (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kwa taaluma mimi ni mfamasia, nipo kaunta ya duka la dawa hapa Morogoro. Wiki haipiti bila mtu kuingia na malalamiko yaleyale: alikuwa amelala zake vizuri, saa nane usiku kigimbi kikajikaza, kikawa kigumu, akarukaruka chumbani huku anaugulia mpaka kikaachia chenyewe, na asubuhi anachechemea kwa sababu pale mahali bado panauma. Halafu anamalizia na hukumu iliyokwisha kutolewa: "Nipe magnesiamu, nina upungufu wa madini." Nani kampima? Hakuna. Kaambiwa na jirani, au kaona video, au kuna rafiki anauza virutubisho vya kopo.

Msimamo wangu nauweka juu kabisa ili mwenye haraka aondoke nao. Wengi wanaobanwa na misuli usiku hawana upungufu wa madini yoyote. Wenye upungufu wa kweli wapo, tena wengine hali zao ni mbaya, ila kwa kawaida kuna kitu kinachoyamwaga hayo madini: kuharisha, dawa fulani, pombe, figo, tezi. Usipokikamata hicho, utameza vidonge mwaka mzima.

Mguuni kunatokea nini

Msuli haujikazi wenyewe, unaamriwa na neva. Ukipima umeme wa msuli uliobanwa unakuta neva zinatuma amri mfululizo, kwa kasi, bila mwenye mguu kutaka. Ndiyo maana wachunguzi wengi siku hizi wanaanza kuitazama neva kabla ya msuli.

Kigimbi nacho kina mkao wake. Juu kimeshikizwa juu ya goti, chini kimeshikizwa kisigino. Ukilala kifudifudi, au ukilala chali na blanketi zito limekandamiza vidole, unyayo unaelekea chini na kigimbi kinafupika. Msuli uliokwisha kufupika ukipata amri ya kujikaza tena, unajifunga. Dawa yake ya papo hapo ni kuurefusha: nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, shikilia mpaka uachie. Ukiweza kusimama, simama na ukandamize kisigino sakafuni. Kuchua na mafuta kunasaidia baadaye kwenye maumivu yanayobaki, lakini kinachoukata ule mkazo ni kule kunyoosha.

Umri unachangia sana. Kadiri mtu anavyozeeka anapoteza neva za kuamrisha misuli na misuli yenyewe inapungua urefu kwa kukosa kazi. Wanaokadiria wanasema hadi watu wazima 6 kati ya 10 wameshawahi kubanwa usiku, na kwa wengi vipimo vyote vinarudi safi. Hilo watu hawalipendi. Mtu akiumia hivyo anataka aambiwe amepungukiwa na nini.

Tuje kwenye madini

Yanayotajwa ni manne: sodiamu, yaani chumvi kwa lugha ya jikoni, potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Yote manne yanahusika na namna neva inavyopokea na kupitisha amri. Kwa hiyo hoja ya kwamba yakishuka misuli inasumbua ni ya kweli, hakuna anayeibisha. Swali ni kama wewe yamekushuka.

Kalsiamu ndiyo inayowachanganya wengi. Ndani ya msuli, kalsiamu ndiyo inayoanzisha kujikaza. Ila ile inayozunguka kwenye damu kazi yake ni kuituliza neva. Ikishuka, neva inakuwa na hamaki, inafyatuka kwa jambo dogo. Dalili zake hazifanani na kigimbi cha saa nane usiku. Ni ganzi kuzunguka midomo, vidole kuchomachoma, kiganja kujikunja na vidole kubanana vikielekea ndani. Ukipimwa presha na ule mkanda ukaachwa umebana kama dakika tatu, kiganja kinaweza kujikunja hapohapo mbele ya nesi. Wanaopatwa sana ni waliofanyiwa upasuaji wa rovu, kwa sababu nyuma ya tezi ile kuna tezi nyingine ndogo, kwa kawaida nne, zinazosimamia kalsiamu, na zikijeruhiwa au zikiondoka na uvimbe, kalsiamu inaporomoka. Wengine ni wagonjwa wa figo na wenye upungufu mkubwa wa vitamini D.

Hapo kuna jambo la pembeni ambalo huwa nalifikiria nikisikia habari za wanafunzi wanaoanguka na vidole vyao kujikunja. Mtu akihema harakaharaka kwa hofu anatoa hewa ya kaboni kupita kiasi, asidi ya damu inapungua, na kalsiamu iliyokuwa huru inashikwa na protini. Kipimo cha jumla kinaonyesha kalsiamu ipo yote, lakini neva inajiona haina. Vidole vinajikunja, wazazi wanaita mwombezi. Akitulizwa apumue polepole, vinafunguka.

Magnesiamu sasa, maana ndiyo inayouzwa. Mwili wa mtu mzima una kama gramu 25. Zaidi ya nusu ipo kwenye mifupa, nyingine ipo ndani ya chembe za mwili, na iliyoko kwenye damu haifiki asilimia 1. Kwa hiyo kipimo cha damu kikisoma chini, tatizo lipo. Kikisoma sawa, bado si ushahidi wa mwisho. Upungufu wake ukiwa mkubwa unaburuza wenzake: figo zinaanza kumwaga potasiamu, na zile tezi ndogo za shingoni zinashindwa kutoa homoni ya kalsiamu. Ndiyo maana mgonjwa anayepewa potasiamu kila siku na haipandi, daktari mjuzi anauliza magnesiamu ikoje.

Je, chakula chetu kinatosha? Mtu mzima anahitaji kati ya miligramu 310 na 420 kwa siku. Kiganja cha mbegu za maboga, gramu 28 hivi, kina karibu 156. Korosho kiasi hichohicho zina 74. Nusu kikombe cha mchicha wa kizungu uliopikwa, 78. Maharage meusi nusu kikombe, 60. Mla dona, maharage, mboga za majani na karanga hana sababu kubwa ya kupungukiwa. Mla sembe hali yake ni tofauti kidogo, kwa sababu magnesiamu ya mahindi imekaa zaidi kwenye pumba na kiini, na mashine ya kukoboa inavitoa vyote viwili. Tunawapa kuku na nguruwe madini, kisha tunakwenda kuyanunua dukani kwenye kopo.

Na ile "kula ndizi mkuu". Ndizi mbivu ya wastani ina miligramu kama 420 za potasiamu, wakati mwanamke anahitaji 2,600 kwa siku na mwanamume 3,400. Magnesiamu yake ni 32 tu. Ni tunda zuri, kula. Lakini kiazi kilichochemshwa na ganda lake, parachichi, maharage na maji ya dafu vinafanya kazi hiyohiyo, pengine zaidi. Na kula ndizi wakati mguu umeshabana hakukati kitu. Mpaka itoke tumboni iingie kwenye damu, mkazo umeshapita zamani.

Utafiti unasemaje? Mwaka 2020 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 11 ya magnesiamu kwa watu wanaobanwa na misuli, jumla ya washiriki 735. Kwa watu wazima wa umri mkubwa, tofauti kati ya waliopewa magnesiamu na waliopewa kidonge bandia haikuwa ya maana. Kwa wajawazito majibu yalipingana. Kwa wanamichezo hawakukuta jaribio hata moja la kuchambua. Mwenye kopo hakwambii hayo.

Kinachoyamwaga

Kuharisha na kutapika kunaongoza. Waliouguza kipindupindu wanajua: vigimbi na tumbo vinajikaza mgonjwa analia, kwa sababu chumvi na potasiamu vimetoka na maji. Hapo dawa ni ORS, na kama hali ni mbaya, dripu. Pakiti ya ORS ya lita moja ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 1.5 za chumvi ya potasiamu, 2.9 za sitreti na 13.5 za glukosi. Ile glukosi si ya ladha, ndiyo inayoivusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo. Kwa hiyo usiichanganye kwenye maji zaidi ya lita ukidhani unaokoa pakiti, na usiipunguzie maji pia.

Dawa za kukojoza zinafuata. Wazee wengi wa presha na moyo wanatumia furosemaidi, haidroklorothiazaidi au bendro. Zinatoa maji, lakini maji hayatoki peke yake: potasiamu, sodiamu na magnesiamu vinakwenda nayo. Omeprazoli nayo, hii tunayoimeza kiholela kwa kiungulia. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba matumizi ya muda mrefu ya kundi hilo la dawa yanaweza kushusha magnesiamu, hasa baada ya mwaka mmoja. Watu wanaimeza miaka bila kuandikiwa na mtu.

Pombe kali inafanya figo zimwage magnesiamu, na mnywaji mwenyewe chakula hali. Kisukari kisichodhibitiwa, mkojo mwingi, hadithi ni ileile, na zaidi ya hapo sukari inaharibu neva zenyewe. Wanaosafishwa damu kwa mashine wanabanwa kwa sababu maji yanatolewa kwa haraka. Zipo pia dawa zinazosumbua misuli bila kugusa sana madini, kama zile za kushusha lehemu na baadhi ya dawa za pumu. Ndiyo maana nikiwa kaunta, swali langu la kwanza ni "unatumia dawa gani?" Chakula nauliza baadaye.

Jua kali na uwanjani

Hapa chumvi ina haki yake. Miaka ya 1920 huko Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa wanafanya kazi kwenye joto kali walivuja jasho jingi, wakanywa maji matupu mengi, wakabanwa vibaya. Walipotiwa chumvi kidogo kwenye maji yao, hali ikapungua. Anayekata miwa au kuchoma matofali kutwa nzima anaingia kundi hilo.

Mchezaji anayeshikwa dakika ya 80 ni habari nyingine. Afrika Kusini walipima damu za wakimbiaji wa mbio ndefu za barabarani, matokeo yakachapishwa mwaka 2004: waliobanwa na wasiobanwa hawakutofautiana kwa maji mwilini wala kwa madini kiasi cha kueleza tatizo. Mwaka 2011 wakachapisha mengine ya wanamichezo 210 wa Ironman, wale wa kuogelea, baiskeli na kukimbia. Waliobanwa walikuwa wale waliokwenda kwa kasi zaidi na waliowahi kubanwa zamani. Yaani msuli uliofanyishwa kazi kuliko ulivyozoezwa. Mzee wetu John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, kwenye Olimpiki ya mwaka 1968 kule Mexico City, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari, simulizi zinasema misuli ilianza kumbana kabla hajaanguka na kuumia goti. Akamaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliofika.

Kwinini

Nimalize na hii kwa sababu kuna watu bado wanaiulizia kwa ajili ya miguu. Ndiyo, kwinini yetu ya malaria inapunguza kubanwa. Ughaibuni watu waliimeza kila usiku kwa kazi hiyo. Inaweza pia kuangusha chembe zinazogandisha damu, kuvuruga mapigo ya moyo na kuvumisha masikio. Marekani iliizuia kuuzwa bila cheti kwa ajili ya misuli tangu miaka ya 1990, na ikaendelea kuonya baada ya hapo. Kwenye duka langu hupati kwa sababu hiyo.

Kinachofanya kazi kwa bei ya bure: kunyoosha vigimbi na misuli ya nyuma ya paja kabla ya kulala. Uholanzi, mwaka 2012, walichapisha jaribio la watu 80 wenye zaidi ya miaka 55. Waliofanya hivyo kila usiku kwa wiki sita walipungukiwa na mikazo kuliko ambao hawakufanya. Simama mbele ya ukuta, viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kisinyanyuke, egemea mbele mpaka usikie kigimbi kinavutika. Hesabu polepole, badilisha mguu, rudia.

Maswali karibuni.

---

Boda_Kihonda

Mkuu uzi umeshiba. Mimi Jumapili nacheza mechi za mtaa, kipindi cha pili lazima nishikwe, wananinyanyua mguu kama kawaida. Kuna jamaa hunipa maji ya achari nanywa funda mbili tatu na kweli panaachia. Ni imani tu au?

FamasiaMoro

Si imani tu, mkuu. Mwaka 2010 Marekani waliwabana watu makusudi kwa umeme kwenye msuli wa mguuni, kisha wengine wakapewa maji ya matango ya achari, wengine maji ya kawaida. Wa achari waliachiwa mapema, ndani ya dakika moja na nusu hivi. Muda huo ni mfupi mno kwa chumvi kufika kwenye damu. Wanachodhani ni kwamba ule ukali wa siki unashtua neva za mdomoni na kooni, nazo zinatuma ujumbe wa kuzituliza neva za mguuni. Kwa hiyo jamaa yako yuko sahihi, japo sababu anayoitoa labda si yenyewe.

Ila wewe tatizo lako ni kipindi cha pili. Wiki nzima umekaa kwenye pikipiki, Jumapili unataka dakika 90. Kimbia kidogo katikati ya wiki.

AfyaTele

Nyie wafamasia mnapiga vita virutubisho kwa sababu vinawapunguzia wateja. Mimi nina wateja wametumia magnesiamu mwezi mmoja, kubanwa kumekwisha, wana ushuhuda. Huo utafiti wenu wa wazungu hauwahusu Waafrika.

FamasiaMoro

Ndugu yangu, magnesiamu dukani kwangu ipo na naiuza, kwa hiyo hilo la wateja liache. Ushuhuda siukatai. Shida ni kwamba hali hii inapanda na kushuka yenyewe. Mtu ananunua kopo siku amebanwa sana kuliko kawaida, na baada ya siku mbaya mara nyingi zinafuata nzuri hata asipomeza kitu. Israel walifanya jaribio, likachapishwa mwaka 2017, watu 94 wanaobanwa usiku. Nusu magnesiamu, nusu kidonge bandia. Makundi yote mawili yalipungukiwa na mikazo kama mitatu kwa wiki. Waliomeza bandia nao wangekupa ushuhuda.

Na kuna wasiopaswa kuuziwa kabisa bila kupimwa: wenye figo mbovu. Magnesiamu inatolewa na figo, zikishindwa inajikusanya, inapunguza pumzi na mapigo ya moyo. Unawauliza habari za figo kabla hujawauzia?

AfyaTele

Wangu wote wazima.

mama_wa_wawili

Kaka habari. Nina mimba ya miezi saba. Usiku nabanwa vigimbi, lakini kuna kitu kingine sijui kama ni hichohicho: nikilala tu miguu inakuwa kama ina wadudu wanatembea ndani, haiumi ila siwezi kuituliza, lazima niinuke nitembee ndiyo inaacha. Kliniki sijasema, naona aibu. Na nikiri nakula sana pemba, ule udongo.

FamasiaMoro

Nzuri dada, hongera na pole. Hayo ni mambo mawili. La kubanwa vigimbi linawapata wajawazito wengi miezi ya mwisho, na kunyoosha kabla ya kulala kunakufaa wewe pia, kwa upole, ukishika ukuta.

Hilo la wadudu ni jambo jingine kabisa, ni miguu isiyotulia, na hapo ndipo madini yana hoja nzito kuliko kwenye kubanwa. Madini yenyewe ni chuma, yale ya kuongeza damu. Hifadhi ya chuma ikiwa ndogo, miguu isiyotulia inazidi, na mimba inakula chuma sana. Hamu ya pemba nayo mara nyingi inakwenda pamoja na upungufu wa chuma, halafu udongo wenyewe unaweza kukizuia kisifyonzwe, achilia mbali minyoo na madini ya sumu yanayoweza kuwamo. Kwa hiyo kliniki sema vyote viwili, udongo pamoja. Hawatakushangaa, wanaona kila siku. Uliza wingi wa damu yako ni ngapi, na kama wanaweza kupima ferritini, yaani hifadhi ya chuma, wapime. Ile FEFO, vidonge vya chuma ulivyopewa, unaimeza? Wengi wanaiweka kabatini kwa sababu inaleta kichefuchefu. Imeze usiku baada ya kula, na chai iwe mbali nayo angalau saa moja au mbili, chai inazuia chuma.

mama_wa_wawili

Ipo kabatini 😂 Nimeelewa, asante kaka.

Kitinda_Mimba

Shikamoo mkuu. Mzee wangu ana miaka 71, moyo umepanuka, anatumia furosemaidi na enalaprili. Anabanwa miguu yote karibu kila usiku. Amesema anaacha hiyo ya kukojoza. Nimpe vidonge vya potasiamu?

FamasiaMoro

Marahaba. Asiache. Akiacha, maji yatajaa miguuni na kwenye mapafu, na hapo hatutakuwa tunazungumzia vigimbi tena. Vidonge vya potasiamu usimnunulie kwa kukisia: furosemaidi inaishusha potasiamu, enalaprili inaipandisha, na figo za miaka 71 hujui zikoje. Potasiamu ikizidi inasimamisha moyo. Mpeleke apimwe damu: potasiamu, sodiamu, kreatinini (ya kuangalia figo), na magnesiamu kama ipo. Majibu ndiyo yatakayomwambia daktari apunguze dozi, abadilishe dawa, au aongeze madini. Muulize pia kama anameza dozi ya kukojoza jioni. Kama ndivyo, daktari anaweza kuihamishia asubuhi, angalau asiwe anaamka kila mara.

Jambo jingine la kumwangalia: maumivu yanamjia akitembea, yanaacha akisimama, yanarudi palepale akitembea tena? Kama ndiyo, hapo huenda mishipa ya damu ya miguu imeziba, na haina uhusiano na madini.

Msafiri_KGM

Mimi wangu ni mguu mmoja tu, wa kushoto. Nimetoka Kigoma na basi mpaka Dar, tangu nimeshuka kigimbi kinauma, leo siku ya tatu. Hakiachii kama mnavyosema, kinauma muda wote. Nikinyoosha vidole kuja juu ndiyo kinazidi. Nimechua na mafuta ya karafuu wapi.

FamasiaMoro

Acha kuchua. Mguu huo umevimba kuliko mwenzake? Una joto?

Msafiri_KGM

Umevimba kidogo ndiyo, soksi imeacha alama. Joto naona kama lipo.

FamasiaMoro

Mkuu nenda hospitali leo, sio kesho. Sisemi ni hicho, siwezi kujua kwa simu, lakini safari ndefu umekaa, mguu mmoja, uvimbe, joto, maumivu yasiyoachia: hiyo ni picha ya damu iliyoganda kwenye mshipa. Bonge hilo likichomoka linakwenda kwenye mapafu. Wataangalia mshipa kwa ultrasaundi. Ukianza kupumua kwa shida au kifua kikachoma, usingoje usafiri wa kawaida. Na usimwambie mapokezi "nimebanwa na misuli", watakupa diklofenaki urudi nyumbani. Eleza safari, eleza uvimbe.

Msafiri_KGM

Poa, naita bajaji.

Boda_Kihonda

Kiongozi ukifika tupe mrejesho.

Kimya_Kingi

Naomba kuuliza swali na msinijadili. Natumia TLD, ile dawa ya ARV, saa mbili usiku, sijawahi kuruka. Nimeshanunua hilo kopo, ni magnesiamu na kalsiamu na zinki pamoja. Naimeza usiku wakati mmoja na dawa ili nisisahau. Kuna shida?

FamasiaMoro

Ipo, na umefanya vizuri kuuliza. Magnesiamu inaishika dolutegraviri, mojawapo ya dawa zilizomo kwenye TLD, tumboni, inaifanya isiingie vizuri kwenye damu. Unaimeza kila siku, lakini mwili unapata pungufu. Kanuni ni TLD imezwe angalau saa mbili kabla ya hicho kidonge, au saa sita baada yake. Kwa ratiba yako, TLD ibaki palepale saa mbili usiku, kopo lihamie saa mbili asubuhi. Kidonge cha chuma au kalsiamu peke yake kinaweza kuliwa pamoja na TLD ukiwa na chakula, lakini chenye magnesiamu hapana. Hata zile za kiungulia za kutafuna, nyingi zina magnesiamu au aluminiamu, zitenge vilevile. Siku ya kuchukua dawa mwambie mtoa huduma umekuwa ukichanganya tangu lini, aamue kama kipimo cha wingi wa virusi kirudiwe mapema.

Na kopo likiisha, usinunue jingine mpaka tujue kwa nini unabanwa. Unatumia dawa gani nyingine?